ISRC haijui wimbo ni wa nani

Karibu kila rekodi inayotoka rasmi siku hizi inabandikwa ISRC, namba ya kimataifa ya kutambulisha rekodi, yenye herufi na tarakimu jumla 12, na wasanii wengi wanaichukulia kama hati ya kiwanja, yaani ukishaipata basi wimbo ni wako hakuna wa kukugusa. Hapo ndo mambo yanapoharibika.

Uzuri wake upo, tusikatae. Kiwango chenyewe, ISO 3901, kilitoka 1986 na msimamizi wake duniani ni IFPI, shirikisho la kampuni za rekodi. Mwanzo kuna herufi mbili (zamani zilikuwa za nchi, marekebisho ya 2019 yakaondoa maana hiyo), kisha tatu za aliyesajili, mbili za mwaka, tano za rekodi yenyewe, kwa hiyo kianzio kimoja (zile tano za mwanzo) kinatosha rekodi laki moja kwa mwaka. Na huo mwaka ni wa kutoa namba, sio wa kurekodi, watu wanachanganya sana hapa. Sasa fikiria msanii ana wimbo wa studio, ana rimiksi, ana laivu, zote jina moja, halafu huku jina limeandikwa vingine na kule aliyeshirikishwa kasahaulika, bila namba kompyuta itajuaje ipi ni ipi? Hata rekodi ikiuzwa kwa lebo nyingine namba inabaki ile ile.

Ila namba inatambua rekodi, haitambui utunzi. Mtunzi ana yake, ISWC, na wimbo mmoja ukiimbwa na watu 20 unakuwa na ISWC moja na ISRC 20, sasa kama hakuna aliyeziunganisha vizuri rekodi zinachezwa tu na mtunzi haoni hela. Pia ISRC haina tarakimu ya kujihakiki, ukikosea moja inaweza ikawa namba ya rekodi ya mtu mwingine kabisa na mfumo usistuke. Na mwizi je? Akipeleka rekodi yako kwa msambazaji (kampuni inayopeleka nyimbo kwenye majukwaa ya kusikiliza muziki) kwa jina lake anaweza kupewa namba mpya kama kawaida.

Ndo maana wapo wanaotaka namba isitolewe mpaka mtu athibitishe umiliki. Nawaelewa, ila mi sikubali sana, maana anayerekodi chumbani kwake bila mkataba wala mwanasheria atathibitisha na nini? Lebo kubwa zitapita, yeye atakwama mlangoni. Mfumo umesambaa kwa sababu ni rahisi, na mwizi anakamatwa vizuri zaidi na programu za kulinganisha sauti yenyewe, hiyo sio kazi ya namba.

Kinachoniuma zaidi mimi ni uzembe wa kuhama msambazaji. Mtu anapakia upya nyimbo zote bila kuandika ISRC za zamani, msambazaji mpya anampa nyingine, rekodi moja inakuwa na namba mbili, hesabu ya kuchezwa inaanza sifuri na mirabaha inagawanyika, na mizigo yote hiyo anaibebesha namba wakati zile za zamani zilikuwepo kwenye akaunti yake kabla hajaifunga.