Kumhamisha mlevi: swali ni apelekwe wapi

Kikao cha familia kikikaa kwa sababu ya ndugu aliyezama kwenye pombe, mara nyingi huishia kwenye uamuzi mmoja: atolewe mjini, apelekwe kijijini kwa baba mkubwa, akalime na kutuliza akili. Nauli inachangwa palepale. Na mara nyingi hakosekani mmoja wa kutikisa kichwa, pengine mtu aliyewahi kupita kwenye vikundi vya kuacha pombe. Yeye husema kiu haikai Manzese wala Sinza, inakaa ndani ya mtu, na popote aendapo anakwenda nayo. Wanachama wa Alcoholics Anonymous, jumuiya iliyoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935, wameonyana hivyo kwa miongo mingi. Wengi wao walihama mji hadi mji, wakabadili kazi na hata wake, na kila walikofika waliendelea kunywa.

Ushuhuda huo ni wa watu waliokiona cha moto, nami nauheshimu. Ila siku hizi umegeuzwa sheria, na anayeomba kuondoka mtaani kwake anaambiwa anakimbia tatizo. Hapo ndipo ninapokataa, kwa sababu kuondoka kunaweza kumsaidia mtu, na kunasaidia kwa njia inayoeleweka.

Tumwangalie anayekunywa kila siku. Saa kumi na moja jioni anashuka kwenye daladala, kituo kilekile. Moshi wa mishikaki unampokea. Mhudumu wa grosari amemwona kwa mbali na ameshafungua friji kabla hajaagiza. Rafiki anamvutia kiti: kaa bwana, hii ofa yangu. Mpaka hapo hajaonja kitu, lakini mwili wake umeshaanza kazi. Shepard Siegel wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, alionyesha kwa miaka mingi ya majaribio kwamba mwili hujifunza mahali na dalili zinazotangulia kilevi, ukaanza kujiandaa kabla hakijaingia. Maandalizi hayo ni sehemu ya kile ambacho mnywaji anakihisi kama hamu. Tunamlaumu kwa kukosa msimamo, ilhali kati ya kituo na mlango wa nyumba yake msimamo huo unajaribiwa mara nne au tano, jioni baada ya jioni, na yeye yuko peke yake. Kumtoa hapo ni kumpunguzia mapambano.

Ushahidi unaonigusa zaidi unatoka kwenye heroini. Mwaka 1971 serikali ya Rais Nixon wa Marekani ilishtushwa na habari kwamba askari wake walioko Vietnam wanaitumia kwa wingi. Ikaamriwa kila askari apimwe mkojo kabla ya kupanda ndege ya kurudi, na atakayekutwa nayo abakizwe kwanza mpaka itoke mwilini. Lee Robins, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, akakabidhiwa kazi ya kuwafuatilia waliorudi Septemba mwaka huo. Askari mmoja kati ya watano hivi alikiri kwamba alikuwa mraibu kule. Wengi walitegemea kuona maelfu ya vijana wakizagaa mitaani wakitafuta dozi. Lakini katika hao waliokuwa waraibu, waliorudia uraibu ndani ya mwaka wa kwanza walikuwa kama asilimia 5. Ndani ya miaka mitatu walikuwa asilimia 12. Kwa kulinganisha, waraibu waliotibiwa katika hospitali ya serikali ya Lexington, Kentucky, kisha wakarudishwa kwenye mitaa waliyotoka, wengi walirudia upesi.

Watu huinukuu hiyo asilimia 5 wakaishia hapo. Mimi najiuliza zaidi kuhusu namba iliyo nyuma yake. Nusu ya waliokuwa waraibu Vietnam waliigusa tena heroini baada ya kufika kwao, na hata hivyo aliyenasa upya alikuwa mmoja tu kati ya wanane. Kwa hiyo hatuwezi kusema walipona kwa kuwa dawa hawakuiona tena. Wapo walioiona na kuitumia, ila haikupata pa kushika. Kule ilikuwa rahisi kupatikana, kali na ya bei ndogo, na ilivutwa kambini pamoja na wenzao, katikati ya hofu na siku ndefu zisizo na la kufanya. Nyumbani kulikuwa na mama, mchumba, kazi ya kuwahi asubuhi, na majirani ambao wangeshtuka. Simshauri mlevi yeyote ajaribu glasi moja aone itakuwaje. Mwenye uraibu wa pombe glasi hiyo humrudisha mbali sana. Ninachosema ni kwamba mahali pana nguvu ya kuamua kilevi kitamfanya nini mtu, na nguvu hiyo tunaidharau.

Wanaopinga mfano huu wana hoja nzito. Heroini ilibidi itafutwe kwa siri, wakati bia inauzwa karibu na kila kituo cha basi. Askari wale walikuwa vijana, wengi wakiwa wametumia kwa muda mfupi, tofauti na baba wa miaka hamsini anayeamka na kuzimua kabla ya chai. Walisafishwa kwanza. Na vita vilikuwa vimekwisha kwao, jambo ambalo hakuna nauli ya basi inayoweza kulinunua. Haitakuwa haki kudai kwamba ndege peke yake ndiyo iliyowaponya.

Lakini hebu tuangalie ndege ile ilikuwa inaelekea wapi. Wengi wa vijana wale walianza heroini Vietnam. Waliporudi kwao walirudi mahali ambapo mwili haukuwa na kumbukumbu yoyote ya heroini: kitanda, barabara, sauti za nyumbani, vyote havikuwahi kuhusiana nayo. Familia zetu hufanya kinyume kabisa. Zinamtoa mtu Dar es Salaam zinampeleka kijijini, ambako pengine ndiko alikoonjeshwa akiwa mtoto. Kilimanjaro mbege iko kwenye posa, kwenye msiba, kwenye matambiko, na kata inapita mkono kwa mkono. Kuikataa mbele ya wazee kunahitaji ujasiri ambao hata asiye mlevi hana. Iringa kuna ulanzi, Kagera rubisi, Pwani mnazi unagemwa nyuma ya nyumba. Kijana aliyeshindwa kupita mbele ya grosari moja anawekwa kati ya wajomba wanaomwita wanywe. Akirudi mjini na hali mbaya zaidi, tunasema kuhamisha hakusaidii, kumbe tulimrudisha palepale alipojifunzia kunywa.

Kuna jingine linaloniogopesha kuliko yote. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akipandishwa basi alfajiri bila chochote, anaweza kuanza kutetemeka kabla hajafika aendako. Degedege linaweza kumpata ndani ya siku mbili za kwanza, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo na kutojua alipo. Hali hiyo inaua. Kijijini huitwa malaria iliyopanda kichwani, au hudhaniwa karogwa, na hospitali iko mbali. Hata askari wale walisafishwa kabla ya safari. Mnywaji wa namna hiyo apitie kwanza kwa daktari, asimamiwe na dawa siku hizo za hatari, ndipo tiketi ikatwe.

Na si lazima tiketi ikatwe. Mwaka 1973 George Hunt na Nathan Azrin walichapisha jaribio walilofanya na wanaume waliolazwa kwa sababu ya pombe katika hospitali ya serikali ya Anna, Illinois. Wanane walisaidiwa kupata kazi na kurekebisha maisha ya ndoa na familia, na baa ya zamani ikageuzwa klabu isiyo na pombe, wapate pa kwenda jioni. Wanane wengine walipata huduma ya kawaida ya hospitali. Baadaye kundi la kwanza lilitumia asilimia 14 ya siku zake kunywa, la pili asilimia 79. Watu kumi na sita ni wachache, nakubali, ila pengo ni kubwa mno kulipuuza. Ile baa iligeuzwa bila kumpeleka mtu mkoa mwingine. Waliacha kuta na kuondoa pombe. Serikali yetu nayo ilikiri nguvu ya mazingira ilipopiga marufuku viroba kuanzia Machi 1, 2017, baada ya pakiti zile za pombe kali za bei ya pipi kujaa mifukoni mwa vijana.

Kwa hiyo familia yenye laki mbili za mchango ina njia nyingi zaidi ya basi la mkoani. Inaweza kumlipia chumba mtaa wa pili, kituo tofauti, njia isiyopita kwa yule mhudumu. Mshahara unaweza kupitia simu ya mkewe kwa makubaliano yao wenyewe. Shemeji mwenye gereji anaweza kumpa kazi ya jioni, saa zile ambazo kiti cha baa kinamngoja. Na akipelekwa mbali, aende kwa ndugu asiyekunywa, mahali asipowahi kulewa, na siku ya kurudi ipangwe mapema kama ilivyopangwa siku ya kuondoka. Miezi mitatu ya shamba haifuti chochote ikiwa funguo anazorudishiwa ni za chumba kilekile kinachotazamana na grosari, na wenzake wamemsubiri kumpongeza kwa ofa.