Thaba Bosiu: Mlima uliolinda watu, ukashindwa kulinda mashamba

Anayepanda Thaba Bosiu, mwendo wa kilomita kama 24 mashariki ya Maseru nchini Lesotho, huambiwa mapema kwamba ngome hii ya Mfalme Moshoeshoe wa Kwanza haikuwahi kutekwa. Ni kweli tupu, na Wasotho wana kila haki ya kujivunia. Swali linalobishaniwa ni lingine: taifa lile liliokolewa na mlima, au na akili ya mtu aliyekaa juu yake?

Wanaoutetea mlima wana hoja nzito. Kilele ni uwanda mpana wenye malisho na chemchemi, umezungukwa na magenge ya mawe mchanga, na njia za kupandia zinahesabika. Katika njia ya Khubelu, mwamba umepasuka ukaacha upenyo mwembamba. Simama pale katikati, pumzi zikikuishia, uangalie juu: watu wachache wenye mawe ya kuporomosha wangeweza kuzuia jeshi zima. Moshoeshoe alihamia hapa mwaka 1824 baada ya njaa kumtoa Butha-Buthe, ngome yake ya awali, alikozingirwa na Batlokoa, jamii jirani. Mwaka 1831 wapiganaji wa Mzilikazi, mfalme wa Wandebele, walijaribu kupanda wakarudishwa. Agosti 1865 Makaburu wa Orange Free State, jamhuri yao jirani, walijaribu kupitia Khubelu hiyohiyo, na kamanda wao Louw Wepener akauawa palepale.

Lakini tazama kilichofuata kila mara baada ya vita. Watu wa Mzilikazi waliporudi nyuma, inasimuliwa kuwa Moshoeshoe aliwapelekea ng'ombe wa kula njiani, kwa kuwa aliamini njaa ndiyo iliyowaleta. Mwaka 1833 aliwapokea wamisionari wa Kifaransa na kuwaweka karibu, akapata washauri waliojua lugha na hila za Wazungu. Desemba 1852 majeshi ya Uingereza chini ya Cathcart, gavana wa Koloni la Rasi, yalipigana na Wasotho huko Berea na kupata kipigo ambacho hawakukitarajia. Badala ya kutamba, mfalme aliandika barua usiku uleule: ng'ombe mliochukua wanatosha, tufanye amani. Cathcart akapata mlango wa kutokea bila kuaibika, akaondoka. Genge la mawe haliwezi kufanya hivyo.

Ndiyo maana naelemea upande wa akili, ingawa bila mlima ule isingepata muda wa kufanya kazi. Na kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka mno. Mazingiwa ya 1865 yalionyesha udhaifu wa ngome yenyewe: mifugo iliyopandishwa kileleni ilikuwa mingi kuliko maji na majani, ikafa kwa wingi. Makaburu nao wakaelewa kwamba hawana haja ya kuupanda mlima. Waliigeukia nafaka mashambani, wakaiharibu. Aprili 1866 Moshoeshoe, ambaye hakuna aliyeweza kumtoa kileleni, alilazimika kukubali mkataba wa kuachia ardhi kubwa yenye rutuba. Uingereza iliitwaa nchi chini ya himaya yake Machi 1868, kama alivyokuwa ameomba, lakini makubaliano ya Aliwal North ya 1869 yaliacha mashamba ya magharibi ya mto Mohokare mikononi mwa Makaburu. Mpaka huo ndio uliobaki, na sehemu kubwa ya Lesotho ya leo ni milima.

Juu kuna magofu ya makao ya mfalme na makaburi ya watawala. Moshoeshoe, aliyefariki Machi 1870, amezikwa hapo, na Moshoeshoe wa Pili akazikwa hapohapo mwaka 1996. Wapo wanaoona kwamba mahali patakatifu namna hii si pa kuzungumzia hasara, na kwamba mgeni aachwe na ushindi. Naielewa heshima hiyo. Hata hivyo, kisa kikikomea kwenye kifo cha Wepener, mfalme anageuzwa mlinzi wa mwamba tu, na uamuzi wake mgumu kuliko yote, wa kukubali kupoteza ardhi ili watu wake wasiangamie, unabaki bila kusimuliwa. Ningependa waongozaji waendelee hadi 1869 wakiwa bado kileleni. Waliopoteza mashamba ng'ambo ya Mohokare nao walikuwa watu wake.