Msimbo wa QR Dukani na Mezani: Panapofaa na Panapokwamisha

Kisumu na Nakuru sasa msimbo wa QR, ule mraba wa visanduku vyeusi na vyeupe unaosomwa kwa kamera ya simu, uko kila mahali: kwenye meza za hoteli, kioo cha kinyozi, kadi za harusi, risiti za supamaketi, hata vibao vya makanisa. Mwenye biashara akienda kuagiza bango, huenda fundi akamuuliza kama awekewe QR, na wengi hukubali kwa sababu ni bure na inaonekana ya kisasa. Swali ambalo halipati nafasi ni kama mteja wake atafaidika.

Nionavyo, QR inafaa mahali pawili. Kwanza, pale ambapo maneno ya kuandika ni marefu au hayavumilii kosa la herufi moja. Pili, pale ambapo anayechapisha anamiliki kile kinachofunguka baada ya kuskani. Mambo hayo yakikosekana, tarakimu zilizoandikwa kwa wino mweusi mzito zinamhudumia mteja vizuri zaidi.

Msimbo huu ulibuniwa mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake katika kampuni ya Denso Wave nchini Japani, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Kampuni hiyo iliamua kutodai malipo ya hataza kwa wanaoutumia kwa kufuata viwango, ndiyo maana yeyote anaweza kuutengeneza bila kuomba ruhusa. Mdogo kabisa una visanduku 21 kwa 21, mkubwa kabisa 177 kwa 177, na kila daraja huongeza visanduku vinne kila upande. Miraba mitatu mikubwa ya pembeni huiambia kamera msimbo uko wapi na umelala vipi. Kadiri maandishi yanavyorefuka, ndivyo visanduku vinavyoongezeka na kuwa vidogo kwenye karatasi ileile. Matatizo mengi ya uchapishaji yanaanzia hapo.

Chukua mama anayeuza samaki karibu na ufuo wa Dunga, anayetaka wateja wamwagize kwa WhatsApp. Kiungo chake ni https://wa.me/ kikifuatwa na nambari ya simu inayoanza na 254, bila alama ya kujumlisha na bila sufuri ya mbele. Hizo ni herufi 26, na zinaingia bila nafasi kubaki katika msimbo wa 25 kwa 25 kwa kiwango cha kawaida cha kustahimili uharibifu, yaani msimbo husomeka hata asilimia 15 hivi yake ikiharibika. Akiongeza ujumbe uliotayarishwa, ?text=Naomba%20bei%20ya%20samaki, urefu unafika herufi 58 na msimbo unapanda hadi 33 kwa 33. Hiyo bado ni sawa. Mteja akiskani, WhatsApp inafunguka na ujumbe umeshaandikwa. Kazi yake ni kubofya tu. Bila QR angelazimika kuhifadhi nambari kwanza, kisha kutafuta jina, kisha kuandika. Hapa QR imestahili nafasi yake.

Wi-Fi ya hoteli ni mfano wa pili, na pengine ndio bora kuliko yote. Maandishi yake huwa hivi: WIFI:T:WPA;S:jina la mtandao;P:nenosiri;; pamoja na zile nukta-mkato mbili za mwisho. Nenosiri likiwa na nukta-mkato, koma, nukta mbili, alama ya kunukuu au mkwaju wa nyuma, ni lazima alama hiyo itanguliwe na mkwaju wa nyuma, la sivyo simu itasoma nenosiri nusu na kusema limekosewa. Simu za Android kuanzia toleo la 10 hutengeneza msimbo huu zenyewe: ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi, gusa mtandao uliounganishwa, kisha chagua kushiriki. Mteja hahitaji bando kuusoma, kwa kuwa maelezo yote yamo ndani ya mchoro wenyewe. Kasoro yake ni kwamba ukibadilisha nenosiri, kila kadi iliyo mezani inakuwa takataka.

Mfano wa tatu ni wa huku magharibi mwa Kenya hasa. Kadi za harusi na matangazo ya mazishi hueleza njia kwa maneno: ukitoka stendi, pita kinu cha posho, pinda kushoto penye mkaratusi, uliza kwa mwalimu mstaafu. Mgeni anayetoka Nairobi hupotea. Kiungo cha ramani chenye majiranukta, yaani tarakimu zinazoonyesha mahali kwenye ramani, mfano https://maps.google.com/?q=-0.0917,34.7680 kwa katikati ya Kisumu, kina herufi 42 na kinatoshea kwenye visanduku 29 kwa 29. Tarakimu nne baada ya nukta zinatosha. Katika maeneo yetu ya karibu na ikweta, tarakimu ya nne ni kama mita 11 tu. Jihadharini na alama ya kutoa. Kisumu iko kusini mwa ikweta, Kakamega na Bungoma ziko kaskazini. Ukiisahau alama hiyo kwenye mfano huu, wageni watapelekwa kilomita 20 hivi kaskazini, kwenye vilima vya Vihiga. Na maelezo ya kwa mwalimu mstaafu yasifutwe kwenye kadi, maana ramani inahitaji mtandao na si kila bonde lina mtandao.

Kwenye malipo ndipo hoja zinapogongana. Mwezi Mei 2023 Benki Kuu ya Kenya ilizindua kiwango cha kitaifa cha QR za malipo, ili msimbo mmoja wa mfanyabiashara uweze kusomwa na programu za benki na za pesa kwa simu mbalimbali. Wanaoutetea wana hoja nzito: mteja akikosea tarakimu moja ya Till, yaani nambari ya biashara ya kupokea malipo kwa simu, pesa zaweza kwenda kwa mtu mwingine, na kurudishiwa ni shughuli. Kuskani kunaondoa kosa hilo. Penye foleni ya supamaketi, mtambo unaweza kutoa msimbo wenye kiasi cha pesa ndani yake, mteja akabaki na kazi ya kuweka PIN tu.

Lakini tazama kibanda sokoni Kibuye siku ya Jumapili. Nambari ya Till ina tarakimu sita au saba. Mwenye kabambe, ile simu ya vibonye, huziandika kwenye menyu ya laini yake na kulipa, kamera haimhusu. Mwenye simu janja naye, ili askani, afungue programu, aweke PIN au alama ya kidole, aelekeze kamera, kisha aandike kiasi mwenyewe kwa sababu msimbo uliobandikwa kibandani hauna kiasi ndani yake. Alichookoa ni kuandika tarakimu sita au saba. Ndiyo maana naona ni kosa kuweka QR mahali pa nambari ya Till. Iwekwe kando yake, nambari ikiwa kubwa na juu, na jina la biashara kama linavyotokea kwenye simu likiwa chini yake.

Kuna kosa jingine la malipo linalojirudia. Mtu anafungua tovuti ya kutengeneza misimbo, anaandika nambari yake ya Till kama maandishi ya kawaida, anachapisha. Msimbo wa malipo una muundo wake. Ule wa kiwango cha kimataifa huanza na 000201 na kuishia na herufi nne za kuhakiki hesabu. Msimbo wa maandishi matupu utaonyesha tarakimu kwenye skrini na kuishia hapo. Wa malipo uombwe kwa kampuni au benki inayokupa huduma yenyewe.

Sasa suala la umiliki, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Misimbo iko ya aina mbili. Wa kudumu hubeba kiungo chako chenyewe, na hauna tarehe ya kuisha. Wa kubadilika hubeba kiungo kifupi cha kampuni fulani, ambayo ndiyo humpeleka mteja kwako. Faida ya huo wa pili ni ya kweli: unaweza kubadilisha bei za menyu au anwani bila kuchapisha upya, na unahesabu ni watu wangapi wameskani. Kwa hoteli yenye meza 40, hilo si jambo dogo. Shida ni kwamba tovuti nyingi za bure humpa mtu msimbo wa kubadilika bila kumweleza vizuri. Muda wa majaribio ukiisha, msimbo unafungua ukurasa wa kudai malipo ya kila mwezi. Kalenda 500 zimeshagawiwa, na hakuna wa kuzikusanya.

Kuutambua msimbo wa kubadilika ni rahisi. Kabla ya kuchapisha, skani na usome anwani inayojitokeza kabla ya kuifungua. Ukiona jina la tovuti iliyotengeneza msimbo badala ya kiungo chako, usipeleke kwa mchapishaji. Ukitaka uwezo wa kubadilisha maelezo bila kufungwa na mtu, elekeza msimbo wa kudumu kwenye ukurasa ulio kwenye kikoa chako mwenyewe, yaani anwani ya tovuti unayoimiliki, halafu ubadilishe ukurasa.

Kuutengeneza wa kudumu hakuhitaji tovuti ya mtu. Chrome ina sehemu ya kutengeneza QR kwenye menyu yake ya kushiriki. LibreOffice, ambayo ni ya bure, inayo kuanzia toleo la 6.4, na Inkscape pia. Zote mbili hufanya kazi bila intaneti. Inkscape itakupa faili ya SVG, ambayo hainyauki ikikuzwa hadi ukubwa wa bango. Usimtumie mchapishaji picha kwenye WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu inabanwa na kingo za visanduku hufifia. Itume kama hati.

Kwenye uchapishaji, mambo manne ndiyo huharibu kazi. La kwanza ni ukingo mweupe: msimbo unahitaji nafasi tupu ya visanduku vinne kila upande, na wabunifu wa mabango huila ili maua yatoshee. La pili ni ukubwa. Gawanya umbali wa msomaji kwa kumi: anayesimama mita mbili kutoka ukutani anahitaji msimbo wa sentimita 20, wa kushikwa mkononi usipungue sentimita mbili. Kwa hesabu hiyo, msimbo nyuma ya matatu, wa kusomwa na gari lililo mita tano nyuma, ungehitaji nusu mita, na hata hivyo dereva hatakiwi kushika simu. Urefu wa kiungo nao unaingia hapa. Kile cha mama samaki chenye herufi 26, kikichapishwa kwa upana wa sentimita tatu pamoja na ukingo wake, kila kisanduku kinapata karibu milimita 0.9. Kiungo cha fomu chenye herufi 200 kinapanda hadi visanduku 57 kwa 57, na kila kimoja kinabaki na chini ya nusu milimita. Kamera ya simu ya bei nafuu, jioni, ndani ya kibanda, huenda isikisome.

La tatu ni rangi na nembo. Visanduku viwe vyeusi juu ya weupe. Vyeupe juu ya rangi nzito husumbua baadhi ya simu. Anayetaka nembo katikati achague kiwango cha juu cha ustahimilivu, asilimia 30, akijua kwamba kile kiungo cha herufi 26 kitapanda kutoka 25 kwa 25 hadi 33 kwa 33, na kwamba ile miraba mitatu ya pembeni isiguswe kamwe. La nne ni jua. Lamineshi inayong'aa hurudisha mwanga wa saa sita mchana na kamera huona doa jeupe. Stika ya nje ichapishwe kwa wino mweusi na kufunikwa kwa plastiki isiyong'aa.

Usalama nao hauwezi kuachwa. Jicho la mtu haliwezi kutofautisha msimbo halali na wa mwizi. Mjini Austin, Marekani, Januari 2022 ziligunduliwa stika bandia kwenye mitambo ya malipo ya maegesho, zikiwapeleka madereva kwenye tovuti ya wizi. Kinga ni ya mikono: chapisha msimbo kwenye bango lenyewe badala ya kubandika stika juu yake, uweke nyuma ya kioo inapowezekana, na kila asubuhi pitisha kidole juu yake kuhisi kama kuna tabaka jipya. Mteja naye asome jina la anayelipwa kabla ya kuweka PIN.

Hoteli inayoondoa menyu ya karatasi na kuacha QR pekee, hiyo siiungi mkono. Mzee asiye na simu janja anaketi na kulazimika kuuliza bei moja moja mbele ya watu. Nakala mbili tatu za karatasi zibaki kaunta. Na ikiwa ukurasa wa menyu unamtaka mteja aandike jina na nambari ya simu kabla ya kuona bei ya ugali, mwenye hoteli ajue kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu, naye lazima amweleze mteja anachukua maelezo hayo kwa ajili gani.

Kabla ya kulipia mabango yote, chapisha moja tu. Libandike mahali litakapokaa, kisha ulijaribu kwa simu tatu, mojawapo ikiwa ya bei ya chini yenye kioo kilichokwaruzwa: mara moja adhuhuri, mara moja baada ya taa kuwashwa. Simu moja ikichukua zaidi ya sekunde mbili tatu, fupisha kiungo kwanza kabla ya kuongeza ukubwa wa karatasi.