Ukitaka kujua tunavyomwona mtoto, uliza habari za mtoto

Karani wa utafiti akifika Ngamiani, Tanga, jioni hakuti mtu mmoja, anakuta baraza: mwenye nyumba, majirani, muuza kahawa na birika lake. Hapo anafungua kishikwambi na kuuliza kama wazazi wa jinsia moja wanaweza kumlea mtoto vizuri. Jibu atakalopewa ni la kusikiwa na baraza zima. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoadhibu kuingiliana kinyume cha maumbile, kinafika hadi kifungo cha maisha. Nani atajibu vinginevyo mbele ya jirani yake?

Huenda wengi wanapinga kwa dhati, na hiyo ni haki yao. Ila swali la namna hiyo limechanganya woga na msimamo, na asilimia zake mimi siziamini. Ipo njia bora. Nusu ya watu wasomewe mambo matatu, nusu nyingine yaleyale pamoja na la nne, lile lenye utata, na kila mtu ataje idadi tu ya anayoyakubali. Tofauti ya wastani wa makundi hayo inaonyesha ni sehemu gani ya watu wamelikubali la nne, bila kumfichua yeyote.

Linaloniuma zaidi ni mtoto mwenyewe. Hispania iliruhusu ndoa za jinsia moja na kuasili watoto mwaka 2005, na mwaka 2012 watafiti wa huko walichapisha kipimo kinachogawa upinzani mara mbili: kuna wanaosema malezi yenyewe yatamharibu mtoto, na wanaosema atateseka kwa kuchekwa na kutengwa. Hawa wa pili wanatueleza habari za mtaa, wala si za nyumba aliyolelewa.

Na mtaa tunaujua. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa husemwa tangu chuo cha Kurani hadi siku ya posa, kwa jambo asilolitenda. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya kuzaliwa kwake au hali nyingine yoyote, lakini vinywa havijaisikia.

Ningekuwa mimi ndiye mtunga maswali, ningeuliza faragha, tena hivi: mtoto wa wazazi wa jinsia moja ungemwacha acheze na wanao uani? Akija kwako Idi mosi, utampa mkono wa Idi kama wenzake? Wakimzomea njiani, utawakanya?