Uendelevu wa mvinyo mweupe wa Uingereza: tuupime kwa lipi?

Chupa ya mvinyo mweupe kutoka shamba dogo la mizabibu kusini mwa Uingereza huuzwa kwa paundi 15 hadi 20, na mara nyingine zaidi, na sababu mojawapo anayopewa mnunuzi ni kwamba shamba hilo hulimwa kwa njia endelevu. Dai hilo linastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa kuwa mizabibu ya nchi hiyo huota karibu na ukingo wa kaskazini wa zao lenyewe, mahali ambapo mvua, jalidi (baridi kali inayogandisha umande) na magonjwa ya kuvu humbana mkulima kila msimu.

Wanaolitetea wana hoja nzito. Davenport, shamba la Kent na Sussex, kaunti za kusini-mashariki mwa nchi hiyo, lililopandwa mizabibu yake ya kwanza mwaka 1991, limekuwa likifuata kilimo hai tangu mwaka 2000, nalo limethibitisha kwamba hata chini ya mawingu ya Uingereza zabibu zinaweza kuiva bila viuagugu wala dawa za kuvu zinazotengenezwa viwandani. Katika mashamba ya aina hii nyasi huachwa ziote kati ya safu, kondoo huingizwa wakati wa baridi kuzila na kuacha samadi, na udongo, ukiwa umefunikwa, hausombwi na mvua. Tena mkulima mdogo huijua mizabibu yake karibu mche kwa mche, akaona doa la kwanza la ugonjwa kabla halijaenea. Mwaka 2020 chama cha wazalishaji wa mvinyo, WineGB, kilianzisha mpango wa kuyakagua na kuyathibitisha mashamba endelevu, na hatua hiyo imewalazimu wengi kuweka kumbukumbu za mambo ambayo zamani yalikadiriwa kwa macho tu.

Hata hivyo, upande wa pili haupaswi kupuuzwa. Mavuno ya Uingereza kwa hekta kwa kawaida hayafikii nusu ya yale ya Champagne, eneo la mvinyo la Ufaransa, na kila safari ya trekta, kila lita ya dizeli, hugawanywa kwa chupa chache. Jalidi ya mwishoni mwa Aprili 2017 iliunguza machipukizi katika mashamba mengi, na usiku kama huo wakulima huwasha mamia ya mishumaa mikubwa kati ya safu ili kuokoa wanachoweza. Hiyo nayo ni nishati inayochomwa. Kilimo hai chenyewe hutegemea salfa na shaba kupambana na kuvu, nazo hubaki juu ya jani na kuoshwa na mvua, hivyo mwaka wenye mvua nyingi mkulima hurudi shambani kunyunyiza mara nyingi kuliko jirani yake anayetumia dawa za kisasa. Shaba haiozi. Hujikusanya ardhini na kudhuru minyoo, na ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika miaka 7.

Kwa maoni yangu, mjadala huu umekazia mno ukubwa wa shamba na aina ya dawa, ukasahau jambo linaloamua mengi kabla dawa haijafikiriwa, yaani aina ya zabibu iliyopandwa. Bacchus, zabibu ya Kijerumani iliyowapa Waingereza mvinyo mweupe wenye harufu ya nyasi zilizofyekwa punde, inapendwa kwa haki, lakini hushambuliwa kwa urahisi na kuvu. Solaris, iliyozalishwa Freiburg mwaka 1975, huiva mapema na kustahimili kuvu kiasi kwamba unyunyizaji hupungua sana, ingawa hauishi kabisa. Kikwazo ni soko: mnunuzi anayelijua jina la Chardonnay, zabibu maarufu ya mvinyo mweupe, hupita mbele ya Solaris bila kusimama, na mzabibu ukishapandwa hukaa miaka 25 au zaidi, hivyo anayekosea kuchagua hulipia kosa hilo kizazi kizima. Sidhani woga huo unatosha kuwa kisingizio. Breaky Bottom, shamba dogo la Sussex, lilipanda Seyval Blanc, zabibu chotara, mwaka 1974, na mvinyo wake wenye mapovu umejipatia heshima kubwa.

Kisha kuna chupa. Kioo ndicho mara nyingi sehemu kubwa kuliko zote ya hewa ya ukaa inayotokana na mvinyo, na tofauti kati ya chupa ya gramu 400 na ile ya gramu 700 huhisiwa mkononi hata kabla kizibo hakijang'olewa. Mvinyo wa New Zealand unaosafirishwa kwa meli katika matangi na kutiwa kwenye chupa nyepesi Uingereza unaweza kuupunguzia mvinyo wa Uingereza uliomo katika chupa nzito faida yake ya kimazingira, hasa ikiwa mteja ameendesha gari kilomita nyingi kwenda kuununua shambani.

Kwa hiyo ningelipa paundi 20 bila kusita kwa Solaris au Seyval Blanc ya shamba dogo, katika chupa nyepesi, na ningesita mbele ya Chardonnay iliyonyunyiziwa msimu mzima, hata kama ina nembo ya uendelevu. Nembo hiyo haimwambii mnunuzi dawa ilipigwa mara ngapi wala chupa ina uzito gani, na hizo ni tarakimu mbili ambazo mkulima anazo tayari katika daftari lake na angeweza kuzichapisha kwenye lebo ya nyuma.