Chai ya kijani: maji yatokote au yapoe kwanza?

Juzi hapa nyumbani Ngamiani shangazi kaitia chai ya kijani kwenye sufuria ya maji yanatokota, akaiacha dakika kumi vilevile anavyopika chai ya rangi, shemeji akaja juu, shangazi umeshaiua hiyo, antioksidanti (vile viini vya kwenye jani vinavyosaidia kukinga seli za mwili) zote zimeungua! Nimelifikiria hili jambo sana maana kila mmoja ana haki yake.

Shangazi kwanza. Antioksidanti kuu humo zinaitwa katekini, na maji ya moto zaidi ndo yanazitoa zaidi kwenye jani, kwahiyo habari ya kuungua papo hapo si kweli. Zinaharibika ukichemsha muda mrefu au ukiiweka kwenye chupa ya chai toka asubuhi mpaka magharibi, hapo ndo unapoteza.

Ila shemeji naye asikilizwe, maana maji makali yanakamua na ukakasi wote. Ile ya shangazi niliionja, ishakuwa ya kahawia, ulimi umekauka kama nimetafuna bibo, na yeye mwenyewe kuimeza ikabidi atie vijiko vitatu vya sukari. Sasa mtu anayekunywa kwa ajili ya afya, sukari yote hiyo ya nini jamani?

Mimi naegemea kwa shemeji, kama digrii 80 hivi, na termomita huhitaji, vikombe vitatu vya maji yaliyotokota changanya na kimoja cha maji safi yaliyopoa, kwa joto letu la Tanga unafika hapohapo. Loweka dakika tatu mpaka tano, chuja. Kamulia limau, majaribio ya maabara yanaonyesha vitamini C inazikinga katekini zinapopita tumboni.

Kwenye kununua usidanganywe na boksi zuri, nusa. Ikinukia majani mabichi ni nzima, ikinukia nyasi kavu imeshakaa sana dukani. Matcha unakunywa jani lote lililosagwa kwahiyo unapata zaidi, ila bei yake mh.

Na wanaosema chai ya rangi haina kitu wanakosea. Jani la Amani kule Muheza ni mti uleule mmoja, tofauti limeachwa lipigwe na hewa mpaka likageuka rangi, katekini nyingi zikageuka, baadhi zikawa theaflavini, ambazo nazo ni antioksidanti.

Vidonge vya chai ya kijani ndo siviungi mkono kabisa, mwaka 2018 mamlaka ya chakula ya Ulaya ilisema miligramu 800 za EGCG (hiyo ndo katekini kubwa) kwa siku toka kwenye vidonge zinaweza kuathiri ini.

Halafu chai zote hizi zinazuia madini ya chuma ya mboga na maharage yasiingie mwilini. Dada yetu ana mimba ya miezi mitano na kliniki wamemwambia damu yake ndogo, huyo nimemwomba chai yoyote, iwe ya kijani iwe ya rangi, aisogeze mbali na chakula, ipite walau saa nzima.