Simu Imenioza Mke wa Pili

Yakhe, kaa kitako nikuhadithie, maana mama mkwe wangu yumo ndani humo tangu juzi, mkoba hakukubali kuutua na chai yangu haitaki.

Mkwe wangu wa Wete kanipigia simu asubuhi. Mie niko shamba, simu nimeiacha mfukoni mwa koti, koti lenyewe nimelitundika mgombani. Mzee kule anangoja mlio tuliouzoea, kumbe katokewa na mwanamke anaimba taarabu ya rusha roho, anamsuta mke mwenza, anajinata kwamba bwana sasa ni wake peke yake. Mzee kakata. Kapiga tena: mwanamke yule yule. Kufika adhuhuri mama mkwe keshashuka daladala hapa Chake, mkoba kwapani, anaangaza ukumbini kama aliyepoteza sindano.

"Yuko wapi?"

"Nani, mama?"

"Huyo anayepokea simu zako."

Wallahi sikujua anasema nini. Na huo ndio uhodari wa kampuni hizi: wimbo wanakutilia, lakini wewe mwenye simu huusikii hata ufe. Anausikia anayekupigia. Ulimwengu mzima unajua unaimbiwa nini, ila wewe. Mpaka mama watoto akachukua simu yake, akanipigia tumesimama uso kwa uso, akaweka spika. Nyumba ikajaa kinanda.

Ndio nikafahamu kwa nini kila nikitia vocha ya elfu moja, kesho yake naikuta imemegwa. Mie siku zote nikimtuhumu mwanangu wa skuli, maskini.

Haya, tuwapigie huduma kwa wateja. Pemba hii ni vilima na mabonde, na sie tuko bondeni. Mnara uko nyuma ya kilima, mtandao unatupita juu kwa juu kama ndege. Ukitua ni dakika moja tu, kwa hivyo mwenye maneno marefu hupanda mkarafuu. Basi mie na miaka yangu 59, niko mtini, mkono huu tawi, mkono huu simu, sauti inaniambia bonyeza 1, bonyeza 4, bonyeza 0. Nibonyeze kwa kidole gani, cha mguu? Kisha wakanipigia muziki. Na majimoto, sisimizi wale wakali wa mtini, nayo yakaanza kunipanda kifundoni.

Akapokea binti, sauti kama asali. Anataka kuhakikisha kama mie ndiye mwenye laini: nimtajie namba tatu nilizopiga karibuni. Mie napiga moja tu, ya mama watoto.

"Nahitaji tatu, baba."

Mungu kanipa mke mmoja, nyinyi mshanitafutia wa pili, sasa mnataka watatu! Na ile Januari 2020 si mlitupanga foleni juani tusajili laini kwa alama za vidole? Vidole vyangu vya kuchuma karafuu, kimashine kikavikataa mara sita, nikavisugua kwa ndimu mpaka vikasomeka. Vidole vyangu mnavyo, leo mnaniuliza mie nani.

Akaangalia kompyuta yake. "Baba, ulijiunga mwenyewe, saa nane usiku."

Saa nane usiku simu iko chini ya mto. Labda lilijiunga sikio.

Kuuondoa, kasema, nitume neno moja kwenda namba fulani. Nikatuma. Jibu: salio lako halitoshi. Yaani kuingia hujui, kutoka unalipa! Nikakopa salio, wakakata chao cha kukopesha, kilichobaki wimbo ukala. Nikapiga tena, majimoto hapo yamefika kiunoni. Binti mwengine, maswali yale yale. Huyu angalau mstaarabu, kaniambia nisitume kitu, ataushughulikia mwenyewe. Nikateremka najikuna lakini kifua mbele, ujumbe ukaingia: "Mpendwa mteja, ombi lako limefanyiwa kazi."

Nikamwita mama mkwe barazani, nikamwambia mama watoto apige, spika wazi, na jirani asikie.

Wimbo kweli wameuondoa. Wametia mwengine: ngoma ya harusi, na vigelegele vyake.

Mama mkwe kautua mkoba chini, mara ya kwanza tangu afike.

"Haya, baba," kaniuliza, "ndoa lini?"